Jirani yangu alipokea ruzuku ya marehemu, na kijiji kizima kikamwita kwa jina la huyo marehemu

Wakuu, kwema humu?

Uzi huu nimeuandika na kuufuta sijui mara ngapi. Leo nauacha. Majina nimebadilisha, na mahali sitasema zaidi ya kwamba ni upande wa Mbuchi, huko delta. Mengine yote ni kweli na sijatia chumvi. Asiyeamini apite tu, sina nguvu za kubishana.

Mimi ni mnunuzi wa kaa. Kwangu ni Kibiti, ila msimu ukichanganya huwa napanga chumba huko huko delta. Nanunua kaa, nawafunga kamba, nawapakia kwenye matenga na kuwapandisha mjini wakiwa hai. Kazi ya presha, tuiache.

Kwenye ua niliopanga walikaa pia mabibi wawili, dada na mdogo wake, kila mmoja na nyumba yake.

Mkubwa, Bi Mwanaidi, alikuwa anapokea ruzuku ya kaya maskini, kwa sababu alikuwa analea mjukuu yatima. Salma, yuko sekondari ya bweni Kibiti. Ile ruzuku ndiyo sabuni ya Salma, ndiyo madaftari, ndiyo nauli. Mdogo, Bi Zuhura, hakuwamo kwenye mpango.

Sura zao zilifanana mno. Tofauti ilikuwa mdomo.

Bi Mwanaidi akiniona tu natokeza: "Mume wangu huyo, kaniletea nini leo?" Utani wa bibi na mjukuu, mnaujua. Bi Zuhura alikuwa mtu wa haya. Shikamoo, marahaba mwanangu, basi, imeisha hiyo.

Sasa, masika fulani barabara ikakatika, nikakwama Kibiti msimu mzima. Kurudi naambiwa Bi Zuhura amefariki.

Walikuwa wote wawili kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambako watu huhamia kulinda mpunga. Homa ikamshika mmoja, maji yamejaa kila upande, hakuna pa kumpeleka. Akazikwa huko huko kwenye mwinuko na watu wa madungu ya jirani.

Nikaenda kumpa pole Bi Mwanaidi. Nilimkuta barazani kajitanda khanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Wakuu, nikamtazama tena. Mwanangu?

Nikajipa moyo kwamba msiba umemnyamazisha. Lakini jioni ile ile nikiwa nafunga kaa wangu uani, nikamwona anakwenda kwenye nyumba ya Bi Mwanaidi, yaani kwake mwenyewe. Alipofika mlangoni akabisha hodi.

Nyumba haina mtu. Salma yuko shule.

Akasimama pale, kimya, kama anayesikiliza. Kisha akavua kandambili akaingia.

Nilimuuliza mwenye duka pale jirani: "Hivi yule ni Bi Mwanaidi?" Akaendelea kupima sukari, hata hakuinua uso. "Sasa nani?" Nikamuuliza mvuvi wangu mmoja, tumezoeana kabisa. Akaniambia niangalie mzigo, jua linapanda.

Watoto wanamwamkia Bi Mwanaidi. Mwenyekiti wa kitongoji anamwita Bi Mwanaidi. Nilifika mahali nikaanza kujitilia shaka mwenyewe.

Kuna siku napita akina mama wanapepeta mpunga, na yeye yumo. Mmoja akamgusa bega. Akainua uso, akasema: "Mume wangu huyo. Kaniletea nini leo."

Maneno yale yale. Ila yametoka makavu, kama mtoto anayesomeshwa.

Wakacheka wote. Halafu wote wakanyamaza, wakanitazama kuona kama na mimi nacheka. Nikacheka.

Ilipofika siku ya malipo nilikuwepo. Likaitwa jina la Bi Mwanaidi, akasimama, akapokea. Hakuna aliyekohoa.

Hapo nikakasirika, na sitaficha. Mama yangu mdogo yuko Kibiti, mguu mmoja haufanyi kazi, na kila akiuliza anaambiwa nafasi hakuna. Kumbe nafasi anayo maiti! Namba ya afisa wa mpango nilikuwa nayo kwenye simu. Nikaandika meseji yote, kijiji, jina, kila kitu.

Nikafikia pa kutuma, nikamfikiria Salma. Nikafuta. Kesho yake nikaandika tena. Ndiyo ikawa maisha yangu kwa wiki nzima, mtu mzima na familia yake.

Mwisho bibi akaja mwenyewe. Ilikuwa mchana wa jua kali, wanaume wameenda kupwa kutafuta kaa. Akakaa kwenye tenga tupu.

"Najua umenijua," akasema.

Nikaendelea kufunga kaa.

"Miye sikuiba jina, mwanangu. Wale waliotangulia na mtumbwi kuleta habari hawakutujua vizuri. Wakasema kafa mdogo, Zuhura. Maji yalipopungua nikarudi, nakuta watu wamejaa uani wananisomea hitma miye. Nimejitanda, macho yamevimba kwa kulia. Mtu wa kwanza kanishika mkono kaniambia, pole Mwanaidi. Nikaitikia. Nilikuwa nimechoka."

"Na baadaye, walipokuangalia vizuri?"

"Walinijua. Mwenyekiti akasema kisomo kishasomwa, tuache hivyo hivyo, mtoto amalize shule kwanza. Salma aliporudi likizo akaambiwa huyu ndiye bibi yako. Akasema ndiyo."

Akajitanda khanga yake upya.

"Nikibisha hodi mle ndani, naitikiwa. Dada hajasomewa, mwanangu. Dua zote zimekuja kwangu na miye nipo hai. Tangu siku ile mwili wangu mwepesi, chakula hakina ladha. Weye ni wa kuja, huwaogopi hawa. Kaniripoti. Ukishindwa, basi nikifa usiache nizikwe kwa jina lake."

Nikamwahidi. Nikaenda Kibiti hadi mlangoni kwa afisa. Nikauliza kiujanja tu, kama mwenye kaya akifa na mjukuu akabaki inakuwaje. Akasema kaya inaweza kuangaliwa upya, ila haahidi kitu. Akaniuliza, ni nani huyo? Nikasema hamna, nauliza tu. Nikaondoka.

Niliporudi delta na matenga yangu nikakuta wanachimba kaburi. Bi Zuhura amekufa alfajiri, usingizini. Msikitini limetangazwa jina la Bi Mwanaidi.

Tukazika. Udongo ukaisha. Sasa kwetu maalim hukaa kichwani mwa kaburi akamsemesha maiti, anamwita kwa jina lake na la mama yake, anamkumbusha ya kujibu atakapoulizwa na malaika. Maalim huyu alikuwa ameazimwa kutoka kijiji cha pili. Akauliza jina.

Mwenyekiti akasema, "Mwanaidi binti Hawa."

Watu wameinamisha vichwa. Maalim akafungua mdomo. Ikanijia picha ya yule bibi mlangoni kwa dada yake, kandambili mkononi, anangoja.

"Zuhura," nikasema. "Ni Zuhura binti Hawa. Mwanaidi alitangulia masika, yuko kule madunguni na hajasomewa."

Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Mwenyekiti alinitazama, mpaka leo salamu yangu haitikii. Maalim akawatazama wote, mmoja mmoja. Hakuna aliyebisha. Akaanza: "Ewe Zuhura binti Hawa..."

Mtu mmoja akachomoka kukimbilia nyumbani walikokuwa wanawake. Muda si muda kilio kikapanda kule, sauti moja juu ya zote. Salma. Alikuwa nyumbani likizo, na alikuwa amemlilia huyu aliyezikwa tangu asubuhi, lakini hiki kilikuwa kilio kingine. Alikuwa anamwita bibi yake kwa jina, Mwanaidi, Mwanaidi, na hakuna aliyemnyamazisha.

Basi wakuu, ndivyo ilivyokuwa. Habari zimemfikia afisa, kaya inaangaliwa upya na jibu bado. Baadhi ya wavuvi hawaniuzii tena kaa. Nilichojifunza ni kwamba kijiji kizima kilinyamaza kwa ajili ya mtoto, nami nikanyamaza kwa ajili yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mtoto mwenyewe.

Nipeni maoni, hata ya kunisema. Wewe ungetuma ile meseji mapema?