Sabuni Mbili Ndani ya Khanga

Kitanda cha hoteli ile nilikijua kabla sijakilalia. Nilikibonyeza kwa kiganja, kikashuka taratibu, kikapanda taratibu, nikajua sponji iliyomo ni ile nzito ambayo kiwandani kwetu hatukuwaga tunawauzia watu wa uswahilini. Nimeshona magodoro miaka mingi ya maisha yangu. Silazimiki kulichana godoro ili nijue lina nini tumboni.

Walionipeleka pale ni shirika moja la kutetea wafanyakazi. Walikuwa na mkutano wa usalama kazini, wakataka mtu aliyenusurika asimame mbele aseme. Mie ndiye niliyenusurika. Kiwanda chetu, huku Temeke, kiliungua mchana kweupe, na mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Nilitokea dirishani, mkono wa kushoto ukabaki na ngozi kama karatasi iliyokunjwakunjwa. Wenzangu wanne wa meza yangu hawakutoka.

Watu wanapenda kusema ni ajali. Mie sisemi ajali. Aliyefunga mlango ni msimamizi wetu, aliyekuwa anavaa funguo kiunoni kama hirizi, na moto ulipowaka alikuwa ng'ambo ya barabara anakunywa supu. Aliyeamuru ufungwe ni mwenye kiwanda, kwa mdomo wake, mbele yetu, eti vipande vya sponji vinaibiwa sana kwa mlango ule. Aliyeuona mnyororo akaunyanyua kwa kidole, akanywa soda aliyopewa, akaondoka zake, ni mkaguzi. Majina yao siandiki. Wakisoma watajiona, na majirani zao watawaona.

Sasa mtu kama mie, mwenye darasa la tano, analazwaje kwenye ghorofa upande wa Kinondoni, chumba kina friji na dirisha la ukuta mzima? Kwa sababu wale wanne walikufa. Wangekuwa hai, nani angeniita? Jambo hilo lilinikaba tangu mapokezi, kijana aliponipa kikadi akaniambia ndio ufunguo.

Nikamuuliza, "Na umeme ukikatika, mlango unafunguka?"

Akacheka kistaarabu. "Madam, hapa umeme haukatiki."

"Baba, sijakuuliza kama unakatika."

Akaacha kucheka. Akaniitia fundi, akapanda na mimi mpaka chumbani, akanionyesha kwamba kwa ndani mlango unafunguka kwa kitasa tu, umeme uwepo usiwepo. Fundi aliniangalia kama mtu anayemfundisha bibi kizee kupiga simu. Alipotoka niliufungua na kuufunga mpaka mkono ukachoka. Nikatandika khanga chini, kichwa kikiwa karibu na mlango, nikalala hapo.

Nisiifiche hoteli sifa zake. Maji ya moto yanatoka saa yoyote. Taulo zao nzito, ukijifunika moja unasinzia. Asubuhi mayai yanakaangwa mbele yako na mtu mwenye kofia ndefu, anakuuliza aweke nyanya au asiweke, kama vile kuku ni wako. Nilikula. Nilirudia. Kila tonge lilikuwa tamu, na kila tonge nililiona kama rambirambi ya wenzangu naila peke yangu, tena kwa uma na kisu.

Nilipotoka kula nikakuta mwanamke wa usafi kashaingia na kitoroli chake. Umri wa mdogo wangu wa mwisho, mwembamba, ana sauti ya kucheka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, jana hukulala humu? Mbona kitanda kama nilivyokiacha?"

"Nililala. Hapo chini."

"Jamani mama! Usinifanyie hivyo. Mkubwa wangu akisikia mgeni kalala chini, ataniuliza nimekukosea nini."

Tukacheka. Alikuwa anabadilisha shuka, nikashika upande wa pili bila kuulizwa, maana kumtazama mtu anatandika peke yake mie siwezi. Hapo ndipo alipouona mkono wangu.

"Pole mama. Moto?"

"Mlango," nikamjibu.

Nikamsimulia. Alisimama na foronya mkononi mpaka nikamaliza. Akasema, "Na sie hapa tunapekuliwa getini kila tukitoka. Mpaka ndani ya viatu." Akaniambia anakaa Gongo la Mboto na watoto wake kwa mama mkwe wake, mume yuko migodini huko kanda ya ziwa, na kazi hii ndiyo iliyomfanya mkwe aanze kumwita "mwanangu" badala ya kumwita "huyu".

Nilikuwa na kikapu cha matunda walichoniwekea cha kunikaribisha, matofaa na zabibu, na kiboksi cha chokoleti. Na bafuni kulikuwa na sabuni mpya zenye karatasi ya dhahabu. Sijapata kwenda mahali maishani mwangu nikahudumiwa nisitoe kitu. Nikamwambia, "Haya mwanangu, chukua hivi, watoto wakale."

"Hapana mama, asante."

"Chukua bwana."

"Hapana mama. Haturuhusiwi."

"Si vyangu? Nimepewa mie."

"Ni vyako mama. Hapana, kweli."

Ngoja nieleze, maana kuna watakaoniona mjinga, na kuna watakaojua mara moja. Kwetu mtu hapokei mara ya kwanza. Ukimwongeza mgeni wali husema ameshiba, na sahani anaisogeza karibu. Shangazi yangu akija kututembelea alikuwa hataki kubeba kitu wakati wa kuondoka, anaapa kabisa, na sie tulikuwa tunamvizia anapotawadha, tunamtilia kwenye kikapu mchele na nazi, tunafunika na nguo zake, ili akigundua awe keshafika kwake. Ndiyo heshima tuliyofundishwa. Anayekataa humsikilizi, unamtilia.

Basi alipoingia kusugua bafu, nikasogea pale kwenye kitoroli. Alikuwa ametundika mfuko wake wa kitambaa, ndani mna bakuli la chakula na khanga iliyokunjwa. Nikaikunjua khanga. Nikaweka sabuni mbili, matofaa, kiboksi cha chokoleti, na zile kandambili za kitambaa walizoniwekea chini ya kitanda ambazo sikuzivaa. Nikakunja upya, vizuri, kitu kisionekane. Nilikuwa natabasamu mwenyewe kama mtoto.

Nilifurahi siku nzima. Na usiku ule, kwa mara ya kwanza, nikakilalia kitanda.

Asubuhi mlango ukagongwa, akaingia mwanamke mwingine, mnene, hana maneno.

"Mwenzako wa jana yuko wapi? Zamu yake imeisha?"

Akaangalia koridoni kwanza. "Kasimamishwa, mama."

"Kafanyaje?"

"Kakutwa getini na vitu vya hoteli. Tena kavificha ndani ya khanga." Akatingisha kichwa. "Nasi tulimwona mtu wa dini."

Nilikaa pembeni ya kitanda nilichokilalia. Kavificha. Mikono iliyovificha ni hii hapa.

Nilishuka kwa ngazi, lifti nikaiona itanichelewesha. Nikaomba mkubwa wa usafi. Akaja mama mmoja wa suti, miaka kama yangu, kwa matamshi mtu wa bara, mpole wa ofisini. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama.

"Mama yangu," akasema, "nakuelewa. Una huruma. Wageni wengi wakisikia mfanyakazi kakamatwa huja kusema wao ndio walimpa."

"Sikumpa. Nilimpa akakataa. Nikamtilia bila yeye kujua."

"Mgeni akimpa mtu zawadi, anapiga simu mapokezi, tunaandika, anatoka nayo kwa amani. Hivi vilikunjwa ndani ya nguo. Nani anamkunjia mtu zawadi ndani ya nguo?"

"Wewe huko kwenu mgeni akikataa kuku mnafanyaje?"

 Nilimwona anakumbuka kitu.

"Tunamfunga kuku miguu, tunamweka kwenye gari la mgeni," akasema pole pole. "Mama, mie nimelelewa hivyo hivyo. Lakini hapa si nyumbani. Kuna kikao kitakaa. Hilo ni suala la ndani, usijisumbue, wewe ni mgeni wetu."

"Basi niiteni kwenye kikao."

"Mgeni haitwi kwenye kikao, mama."

Wakati huohuo dada mmoja wa lile shirika lililonialika akanifuata anahema. "Mama, jamani, tunakutafuta! Ukumbi umejaa, zamu yako."

Akanishika mkono mzima, akanipeleka. Njiani akaniambia, "Utaeleza tulivyoongea, mama. Moto, mlango, maumivu. Ile habari ya mkaguzi tuipunguze, kuna watu wa serikali mstari wa mbele."

Nilisimama kwenye kipaza sauti. Nikamtaja msimamizi na supu yake. Nikamtaja mwenye kiwanda. Nikamtaja mkaguzi na soda, na watu wa mstari wa mbele wakaangalia meza. Kisha nikasema: mlango ule ulifungwa kwa sababu mtu masikini akitoka na kitu mkononi haulizwi amekipataje. Na jana katika jengo hili hili kuna mwanamke katolewa kazini kwa sababu hiyo hiyo, na safari hii aliyefunga mnyororo ni mie.

Mwenyekiti wa mkutano akagonga kalamu. "Tunamshukuru mama kwa ushuhuda mzito. Tubaki kwenye mada." Wakapiga makofi. Wakaenda kunywa chai, na vitafunio vilikuwa vya aina nyingi.

Nimekuwa nikiwachukia watu watatu kwa miaka, na chuki ile ilikuwa inanisaidia kuamka asubuhi. Siku ile sikuipata. Nilimtafuta msimamizi wetu moyoni nimlaani, nikawa namwona na funguo zake na sura yangu.

Nilikuwa bado na usiku mmoja umelipiwa. Nilifunga begi langu. Yule mnene wa usafi alikuwa ameniambia mwenzake atakuja mchana kurudisha sare, nikaenda geti la nyuma, lile wanalopitia wafanyakazi. Mlinzi akanifuata mbio.

"Madam, geti la wageni liko mbele."

"Nataka hili."

"Hapa jua, madam."

"Naliona."

Akaja kweli, sare imepigwa pasi, ameibeba mikononi kama mtoto. Aliponiona hakusalimia. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilidhani unaona haya tu."

"Mama, nilikwambia hapana."

"Nilijua ni ile hapana ya..."

"Nilikwambia hapana mara tatu!" Sauti ikapanda, walinzi wakageuka. "Mbele ya wenzangu wote wamekunjua khanga yangu, tofaa likabingirika mpaka barabarani, watu wakacheka. Wakaniuliza umevipata wapi, sijui. Sijui, mama! Unajua sijui inavyosikika mtu ukikamatwa?"

Ninajua. 

Alipotoka kukabidhi sare nilikuwa bado pale. Nikamwambia nimeshasema kwa mkubwa wake, nimesema ukumbini mbele ya watu wote.

"Huko ukumbini mkwe wangu alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Majirani zangu walikuwepo? Kuna dada wa jikoni hapa tunakaa naye mtaa mmoja. Jana kafika kabla yangu, na habari imefika kabla yangu. Mkwe hajanisemesha tangu jana. Kama unataka kusema, twende ukaseme kule."

Tukaenda Gongo la Mboto. Njia nzima hakunitazama. Nyumba ya uani, vyumba kila upande, wanawake wamekaa mlangoni wanachambua mchicha. Walipotuona wakaacha.

Mkwe ni mama mtu mzima, macho makali.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye nani?"

"Mie ndiye mgeni wa hoteli. Vile vitu nilimtilia mie. Yeye hakujua."

"Alikuomba?"

"Hakuniomba. Nilimpa akakataa."

"Akakataa, na wewe ukamtilia."

"Nikamtilia."

Aliniangalia mkono, akaniangalia begi, akageuka kuwatazama wale wanawake wa uani. "Sema tena," akaniambia. "Sauti ipande, huyo wa chumba cha pembeni hasikii vizuri."

Nikasema tena. Mmoja akadakia, "He! Na wewe kakulipa nini uje umtetee toka huko?" Wenzake wakacheka kwa pua. Mkwe akamkemea, "Mwache amalize." Nikamaliza. Nilieleza sabuni, nikaeleza matofaa, nikaeleza jinsi nilivyoikunja khanga, hata upande niliouanzia. Yule binti alikuwa kashaingia ndani. Nilisikia sufuria zinagongana.

Mkwe akanivutia kigoda. Nikadhani ameridhika. Akasema, "Nimekusikia, na uani wamekusikia. Jina lake nitalilinda mie. Lakini mwisho wa mwezi hawa watoto watakula nini, wewe mwenye mkono mwepesi wa kutoa?"



Mpaka naandika haya, kikao cha hoteli hakijakaa. Nimepiga simu mapokezi, kijana ananiita madam, ananiambia suala ni la ndani. Nimemuuliza yule mama wa suti siku ya kikao, akanitajia, sijui kwa kusahau au kwa kusudi. Nitakwenda. Nitakaa pale geti la nyuma tangu asubuhi, na kila anayeingia kwenye kikao nitamweleza nilivyofanya. Wakinifukuza, nitavuka barabara niseme kutokea ng'ambo.