Sentimita Nilizoziongeza

Miaka ile kambi zilipojaa wakimbizi Warundi, nilikuwa fundi cherehani mtaa wa Katubuka, karibu na mpaka, na binti yangu wa miaka saba alikuwa na magoti yanayovimba. Asubuhi alishuka kitandani kwa makalio. Daktari wa watoto alifika hospitalini mara moja kila miezi mitatu, basi aliniagiza, "Wewe fundi una futi. Kila Ijumaa mpime goti la kulia, uandike."

Kwenye benchi la kliniki nilizoea kukaa na mama mmoja wa kambini. Binti yake aliugua ugonjwa uleule. Yeye alisema Kirundi, mimi Kiha, tukaelewana bila shida. Kisha shirika la wakimbizi likampeleka mtoto wake Dar es Salaam kwa ndege, kupigwa picha ya MRI.

Waliporudi, daktari aliinua picha dirishani, nami nikachungulia.

"Walimchoma dawa mshipani," alisema. "Penye uvimbe dawa inajaa, panang'aa. Huu utando wa ndani umenenepa, wameupima kwa milimita."

Kwa nje goti lile lilikuwa jembamba kuliko la mwanangu. Lakini picha ilionyesha moto ndani, na mtoto akabadilishiwa dawa siku hiyohiyo.

"Na wako atapigwa picha, dada," mama yule aliniambia.

"Kwa ndege ipi? Mimi sina kambi."

"Basi tubadilishane. Nipe nyumba, uchukue hema."

Alicheka peke yake. Nilimwonea wivu mwanamke aliyekimbia kwao bila hata sufuria, na nilijua kwamba ni wivu.

Ijumaa iliyofuata niliongeza sentimita moja kwenye daftari. Baadaye zikawa mbili, kama ninavyomwachia mteja nafasi ya kupumua kwenye gauni. Nilitaka goti litishe, mwanangu apewe rufaa ya picha.

Daktari aliporudi alisoma daftari, akatoa futi yake, akapima mara mbili. Akatabasamu.

"Hongera, mama. Limepungua sentimita mbili tangu Ijumaa. Nilikuwa nimwandikie rufaa ya picha, sasa hakuna haja. Dawa imemkubali."

Mwanangu alikuwa ameshika ukingo wa meza ili aweze kusimama.

"Halijapungua, daktari," nikasema. "Niliongeza mimi."

"Kwa nini?"

Nilimtazama mama wa kambini, aliyekuwa akisubiri benchini na binti yake. "Nilitaka alichopata huyu."

Mama yule akamvuta binti yake karibu, akasogea hadi mwisho wa benchi. Daktari alipiga mstari kwenye kurasa zote za daftari.

"Sasa sijui goti limekwendaje miezi mitatu yote hii. Tunaanza upya leo. Rufaa nitaiangalia nikirudi."

Mwanangu akasubiri miezi mitatu mingine na goti lake. Kila Ijumaa alipimwa na nesi, nami niliambiwa nikae nje ya pazia.