Yai Lililokataa Kumenyeka

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Mgogoni kwenye harusi ya binti wa mdogo wangu. Wanawake tulikuwa tumejazana uwani, wengine wanakatakata vitunguu, wengine wanachagua mchele, na mimi nikasukumiwa beseni la mayai ya kuchemsha ya kupambia biriani. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Katika ukoo wetu mayai ni yangu. Nikayamenya, yakatoka meupe, laini, hayana kovu. Msichana mmoja aliyekaa karibu yangu, ambaye yake yalikuwa kama yametafunwa na paka, akaniuliza nani kanifundisha. Nikamjibu, "Bibi," kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi na moshi ulikuwa unatuingia machoni. Wewe una nafasi, kaa nikwambie yote.

Nilikuwa mdogo, nimeanza skuli juzijuzi tu. Tulikaa kwa Bibi, mzaa mama. Asubuhi zetu zilianza kwa sauti ya mbuzi, yule wa kukunia nazi, kisha harufu ya kuni mbichi, kisha kelele za kuku wakifunguliwa bandani. Msimu wa karafuu uwanja mzima ulikuwa umetandikwa majamvi, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kuku wasiyachakure. Baba alifanya kazi Wete, akija kwetu mwisho wa wiki na mkate wa boflo kwenye mfuko.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Bibi alishaandaa kila kitu, kanga kuukuu zilizofuliwa zikalainika, na kitanda cha kamba kilichokazwa upya. Siku mama aliporudi kutoka hospitali nilikimbia mpaka njiani kumpokea mdogo wangu. Mama alishuka garini ameshikwa mkono na baba, na mikononi mwake hamkuwa na kitu. Mimi nikachungulia ndani ya gari, nikidhani wamemsahau kitini. Bibi akanivuta taratibu. "Mtoto hakukaa, mwanangu," akasema. "Njoo unisaidie jikoni."

Tangu siku hiyo mama alilala ameelekea ukutani. Hakulia, hakusema. Bibi alimpikia uji wa pilipili manga, akaurudisha. Akamchinjia jogoo, mchuzi ukapoa mpaka mafuta yakaganda juu. Shangazi walikuja wakanong'ona barazani, nami nikasikia mmoja akisema, "Huyu akiendelea hivi hatukai naye, atamfuata mwanawe." Sikulala vizuri tena baada ya maneno yale.

Asubuhi moja Bibi akatoa yai la moto kwenye sufuria, akalitia mkononi mwangu likiwa limefungwa kitambaani. "Sisi watu wazima katuchoka," akasema. "Mpelekee weye. Limenye, ulitie chumvi, uketi naye."

Nililimenya nje ya mlango. Ganda lilikatika vipande vidogo kama mchanga, na kila kipande kiliondoka na nyama yake. Nilipomaliza, kiini kilikuwa kinaonekana. Nikampelekea hivyohivyo. Mama akageuza kichwa, akalitazama, akarudi ukutani.

Akili ya mtoto unaijua. Mimi niliamini kwamba mama kakataa kula kwa sababu yai ni baya. Nikajiambia kwamba siku nitakayompelekea yai zuri atakula, na akila hatakufa. Basi kesho yake nikajaribu tena, na kesho kutwa, na kila siku yai lilitoka limechunika. Yale mabaya aliyala Bibi, kwa muhogo wake wa kuchemsha, bila neno. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa kwamba Bibi hakuwa akipenda mayai maishani mwake.

Nyuma ya ua wetu, chini ya dirisha la chumba cha mama, palikuwa na gogo. Hapo ndipo nilipokaa siku moja nikilia na yai langu lenye mashimo, na hapo ndipo aliponikuta Mwalimu. Alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, aliyepanga chumba nyumba ya jirani na kutufundisha skuli. Akachutama, kitenge chake kikagusa vumbi.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna. Yai limekataa kumenyeka, na mama hali."

Hakunicheka. Akalichukua, akaligeuzageuza. "Limetagwa lini hili?"

"Leo. Bibi anampa ya leoleo."

"Ndiyo maana. Yai likiwa jipya sana, ute unaganda kwenye ganda. Liache siku kadhaa. Halafu usilianzishe na maji baridi, litie maji yakiwa yanachemka. Likiiva, litose kwenye maji ya kisima mpaka lipoe kabisa. Ligonge kote, uanze huku kwenye kitako, penye uwazi. Ukishaupata ule utando mwembamba, pitisha kidole chini yake, ndani ya maji. Usiwe na haraka."

Nikamkimbilia Bibi na habari hizo. Bibi akashika kiuno.

"Yai la siku kadhaa? Nimpe mzazi? Huko kwao bara labda."

Mwalimu alikuwa amenifuata mpaka mlango wa uwani. "Shikamoo Bibi. Si la kuharibika. La kupumzika kidogo tu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Bibi akanitazama, akaona macho yangu yalivyovimba. "Haya. Tutaweka. Lakini kila moja nitalitia majini kwanza. Likilala, litapikwa. Likielea halimgusi mwanangu."

Wakakubaliana. Tukaweka mayai ndani ya pumba, kwenye kikapu pembeni mwa mtungi, na kila nikitoka skuli nilikwenda kuyatazama kama vile yataanguliwa.

Siku yenyewe ilipofika, Bibi alilitia yai kwenye bakuli la maji, likalala. Likachemshwa, likapozwa. Nikaligonga, nikaanza kwenye kitako, nikautafuta ule utando. Ganda likavuka kama nguo. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi zake. Yai likabaki kwenye kiganja changu, jeupe, linang'aa maji, halina hata alama.

Nikampelekea mama kwenye kisahani, na chumvi kidogo pembeni. Nikasema, "Mama, tazama. Leo limekubali."

Akageuka. Akalitazama kwa muda mrefu, kisha akavitazama vidole vyangu vilivyokunjana kwa maji. Akajiinua, akakaa. Akaligawa kwa kidole, akanipa nusu.

"Kula nawe," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mtu mwingine.

Tukala. Alipomeza ndipo machozi yakaanza kumtoka, mengi, ya siku zote zile, akanivuta kifuani. Nje ya mlango nilimsikia Bibi akipepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Mama hakupona siku ile. Alipona polepole, yai kwa yai, kisha uji, kisha siku moja akatoka mwenyewe uwani akaomba ungo. Bibi ametangulia mbele ya haki. Lile jiko la uwani limevunjwa, siku hizi mdogo wangu, aliyezaliwa miaka ya baadaye, anapikia gesi, na mayai yanakuja kwa trei, yameshakaa safarini hata mtoto anayamenya bila taabu. Mwalimu alihamishwa kurudi bara kabla sijawa na akili ya kumshukuru. Kila nikimkumbuka namwombea dua, na sidhani kama Mungu ananiuliza dini yake.

Mama yupo, alhamdulillah. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alikuja kunilea, na mchana mmoja nikamuuliza kama anakumbuka yai lile zuri lililomfanya ale.

Akacheka. "Wewe ulikuwa ukilia chini ya dirisha langu," akasema. "Nilikuwa nasikia yote, wewe na Mwalimu, wewe na bibi yako. Siku zile sikuwa na hamu hata ya kuamka. Lakini ikawa kila kukipambazuka nasikiliza, nijue kama leo litamenyeka."