Inzi Aliyetua Kwenye Jani la Mpera

Katika ofisi ya utafiti wa wadudu wanamwita Mama Lenzi, ingawa shule yake iliishia darasa la saba. Alianza kwa kufagia, mtoto mgongoni. Mtaalamu wa wadudu alipomwona kila siku anaganda mbele ya picha za inzi wa matunda, hakumfukuza. Alimpa kioo cha kukuzia, akamwambia, "Anza na mbawa." Mama mkwe naye akamfungua mbeleko: "Niachie huyu, nenda kasome inzi wako."

Sasa ndiye anayepanga picha ambazo mabwana shamba hutuma kwa simu: inzi gani, katoka kwenye mmea gani.

Asubuhi moja ikaingia picha ya ua anaoujua: mipera minne ya mama mkwe, iliyopandwa na marehemu baba mkwe. Inzi katua kwenye jani. Chini bwana shamba kaandika: "Mmea: mpera. Nashauri ikatwe yote."

Akaikuza picha. Ukanda mweusi ukingoni mwa ubawa, doa nchani. Inzi wa matango huyu! Akapiga simu.

"Kaka, huyu ulimtoa ndani ya pera?"

"Nilimkuta kwenye jani. Si ndiko kwake?"

"Kwani ukikaa kwenye kiti cha kinyozi, umeshaoa bintiye?"

Bwana shamba akacheka, kisha akakaza sauti. "Unamtetea mkweo wewe."

Likamchoma, maana lilikuwa na ukweli ndani yake. "Basi usiniamini mimi. Tuamini ndoo: inzi hutoka kwenye tunda lililomlea."

Ndoo mbili zikatiwa mchanga, funza wapate pa kujifukia hadi wawe inzi. Moja ikawekwa mapera, nyingine matango yaliyooza ya jirani, zote zikafungwa kitambaa midomoni. Wiki mbili, kila alfajiri, mama mkwe alizichungulia kama mwenye mgonjwa.

Siku ya kufungua, ndoo ya mapera ilitoa harufu tu. Ya matango ilitoa inzi kumi na saba, kila mmoja na doa lake nchani.

Bwana shamba akafuta "mpera", akaandika "tango", akavua koti akamsaidia jirani kuyafukia yaliyooza.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "miti ya mzee imepona mikononi mwako."

"Mama, mikono hii ingekuwa imebeba mtoto, kama usingembeba wewe."