Makofi ya Bortolo

Bendi ya jeshi la Austria ikianza kupiga uwanjani, sisi watu wa Venezia tulikuwa na desturi moja: tunainuka, tunaondoka. Kahawa imejaa kikombe, iache hapohapo. Wenzetu wa mji wa Milano walikwisha kuwa Italia, sisi tukabakizwa mikononi mwa Austria kama mzigo uliosahauliwa gatini. Silaha hatukuwa nazo, basi tuliwapa migongo.

Mtu mmoja tu hakuweza kuondoka, jirani yangu Bortolo, mtumishi wa mkahawa palepale uwanjani. Angeondoka angefukuzwa kazi, na polisi wangetaka kujua sababu. Kwa hiyo alibaki na sinia lake, akiwahudumia maofisa wenye masharubu, macho chini. Alikuwa mjane, na hakuwa na mtu ila binti yake Orsola, mchumba wa Tita. Baba yake Tita ndiye Mzee Momolo, fundi wa mashua, aliyeipenda Italia kuliko alivyompenda mkewe, na mkewe alilijua hilo.

"Kubeba kahawa si dhambi," Momolo alikuwa akisema. "Mradi asiwashangilie."

Jumapili moja bendi ilimaliza wimbo, uwanja kimya. Njiwa wawili wakatua kwenye meza ya Bortolo, wakaanza kudonoa biskuti. Akaweka sinia chini, akawafukuza kwa makofi, pa, pa, pa, kama tunavyowafukuza sote. Kiongozi wa bendi akageuka, akavua kofia, akamwinamia.

Wenzetu walioondoka, waliokuwa wamesimama mbali chini ya matao, walimwona anavyoinamiwa. Hawakuwaona njiwa.

Kabla ya chakula cha jioni Mzee Momolo alikuwa uani kwetu.

"Baba Orsola, ulipiga makofi, hukupiga?"

"Nilipiga, Mzee. Nilikuwa nafukuza njiwa."

"Njiwa."

"Walikuwa wanakula biskuti za watu."

"Na yule Mwaustria akakuvulia kofia kwa sababu ya njiwa?"

Nikashindwa kunyamaza. "Wewe Momolo, acha upuuzi. Hata mimi nawafukuza hivyohivyo."

"Wewe mama hakuna aliyekuinamia," akanijibu, akaenda zake.

Uchumba ukavunjika. Tita akavuka mto wa mpakani kujiunga na jeshi la Italia, hata kuaga hakuaga. Bortolo akapewa jina la Makofi. Afanye nini? Akiacha kazi, amekiri kosa. Akibaki, ndiyo zaidi. Akabaki. Njiwa walikula biskuti mbele yake, tajiri wake akamfokea, na mikono hakuiinua tena. Nyumbani Orsola alizungumza naye habari za kuni na chumvi, basi. Nilimhurumia mpaka nikawa nakereka kumwona.

Mwaka wa elfu moja mia nane sitini na sita Italia ikaja. Tita alirudi na mke kutoka Brescia, mji wa upande wa Italia. Uwanja ulijaa bendera za rangi tatu, na safari hii bendi ilikuwa yetu, hakuna aliyeondoka. Nilisimama nyuma ya Bortolo na bintiye. Wimbo ulipokwisha watu wote wakalipuka kwa makofi, na Bortolo akabaki ameganda, jasho linamtiririka shingoni.

"Mtazameni," Mzee Momolo akasema kando yangu, bila kupunguza sauti. "Austria aliipigia."

Bortolo akaanza kuinua mikono.

"Haya, anapiga sasa," mwingine akacheka. "Makofi huyo, bendi yoyote kwake sawa."

Mikono ikasimama hewani. Haikuweza kupanda wala kushuka. Ndipo Orsola akaikamata yote miwili, akaibana kifuani pake.

"Tulia, baba," akasema. "Nimekushika."

Hakumwachia mpaka kelele zikaisha. Hivyo Orsola naye, aliyeisubiri Italia miaka yote ile, hakuipigia makofi, na Mzee Momolo alikuwa anamtazama.