Upepo wa Pikipiki

Juzi mjini Arua nilisikia pikipiki ikikohoa, na hasira yangu ya utotoni ikarudi palepale.

Nyumbani Koboko, Baba alikuwa akifufua pikipiki kuukuu iliyonuka petroli na kutu. Iliwaka, ikatetema, ikazimika.

“Iko navuta upepo,” Baba alisema.

Mimi nilikuwa kando yake, napepea sigiri ya chai kwa kadibodi. Nikaiweka kadibodi chini upesi, nikidhani upepo unaoizima pikipiki ni wangu. Kumbe mpira wa kabureta ulikuwa na ufa uliovuta hewa! Baba aliufunga kwa kipande cha tyubu, injini ikatulia.

Lakini makaa yalikuwa yamezimika.

“Hii mtoto iko mvivu sana!” Mama alifoka, akanichapa.

Injini iliulizwa mchana kutwa inaumwa wapi. Mimi, hakuna aliyeniuliza kwa nini niliacha kupepea.