Kitunguu cha Mlangoni

Mafuriko ya Gatumba yalipomtoa mama nyumbani, alikuja kwangu mjini, mtaa wa Mutanga Nord, na beseni moja. Ndani yake mlikuwa na kitunguu pori kilichoota mlangoni kwetu. Kwetu hiyo ndiyo desturi: kila nyumba na kitunguu chake, na hakipandwi kwenye kiwanja cha kupanga. Ukikipanda, umesema hapo ndipo kwenu.

Basi kikakaa kwenye beseni, na sisi wawili tukabanana kwenye vyumba viwili nilivyopanga. Mama hakutoka hata kwenda kanisani, nami kwa ajili yake sikutoka ila kwenda kazini. Nilichoka, nisiseme uongo. Kuna jioni nilizunguka mtaa mzima ili nisifungue ule mlango.

Kazi yangu ni kuhesabu kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli za mimea. Asubuhi unakata ncha ya mzizi, unaitia rangi, unaiponda kwa kidole gumba chini ya kioo chembamba, kisha unatazama kwa hadubini. Kitunguu cha aina hii kinatoweka. Bondeni Gatumba nilitafuta sana baada ya mafuriko, sikupata kingine. Vya milimani vipo vichache, vina nyuzi kumi na sita, zilizopangana mbili mbili.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mama alingoja mbegu, akazipande Gatumba maji yakipungua. Kila maua yalipochanua aliniuliza, "Mwanangu, iko na mbegu sasa?"

Mwishowe nikakata ncha ya mzizi wa kitunguu chake. Nikahesabu, nikarudia, nikamwita mwenzangu wa kazini naye ahesabu. Ishirini na nne. Nyuzi zilikuwa tatu tatu, na tatu hazigawanyiki nusu kwa nusu, kama mbegu inavyotaka. Kitachanua, lakini mbegu hakitatoa. Kinazaa kwa vitoto vinavyochipuka chini ya udongo tu, navyo vinataka ardhi. Kwenye beseni kilishaanza kuoza upande mmoja.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa hasira isiyomhusu. "Haitazaa mbegu, mama. Ikibaki mu beseni itakufa."

"Mi siwezi kuipanda ku nyumba ya watu."

"Basi itakufa."

Nikaingia kupika. Nilipotoka alikuwa amepiga magoti karibu na mlango, anachimba kwa kijiko, beseni tupu kando yake. Alishindilia udongo kwa viganja, polepole. Sikuthubutu kumsaidia.

"Leta maji," alisema bila kunigeukia. "Kwetu ni hapa sasa."

Nikaenda bombani nikilia, kwa maana mama hatatoka tena hapo, wala mimi.